Sura ya Tano: Moshi wa Haja na Moshi wa Chumo

Katika karne ya 14 aliishi mjini Tunis mwashi mmoja, jina lake Ibn al-Rami, ambaye makadhi wa mji ule walikuwa wakimtuma kwenda kukagua kuta zilizogombaniwa na mifereji iliyozibwa, kisha arudi kutoa ushahidi wa kifundi kabla ya hukumu kupitishwa. Katika kitabu alichokitunga juu ya hukumu za majengo, akifuata madhehebu ya Imamu Malik, aliandika pia juu ya ugomvi usiokosekana popote watu wanapokaa ukuta kwa ukuta, yaani ugomvi wa moshi, akaeleza kwamba moshi ni wa namna mbili: uko moshi wa jiko la nyumbani, ambao mwanadamu hawezi kuishi pasipo kuutoa, na kwa hiyo jirani hana budi kuustahamilia, na uko moshi wa hamamu na wa tanuri la mwoka mikate, ambao hutoka kwa ajili ya chumo la mwenye mali, na huo jirani ana haki ya kuushitakia na kadhi ana haki ya kuuzuia.

Nimeianza sura hii mbali na mji ninaokaa na mbali na zama zetu kwa sababu katika mgawanyo huo ndipo ninapoona msingi wa rai yangu mintarafu ya kodi ya hewa ukaa. Rai yenyewe ni hii: kampuni inayochoma makaa ya mawe, mafuta au gesi ili ichume faida yapasa ilipe kwa kila tani ya hewa ukaa inayoitupa angani, ilipe kwa kiwango kinachojulikana mapema na kinachopanda mwaka hata mwaka, na fedha hizo ziwarudie waliodhurika, wa karibu na wa mbali, ama mtu wa kawaida anayepasha chumba chake moto wakati wa baridi au anayewachemshia wanawe chai, huyo moshi wake ni wa haja, na sheria isimtangulize yeye katika safu ya wadaiwa.

Mji huu wa Birmingham una dhima ya pekee katika jambo hili. Hapa, katika kitongoji cha Soho upande wa Handsworth, ndipo Matthew Boulton alipokuwa na karakana yake kubwa, na hapa ndipo James Watt alipohamia kutoka Scotland mwaka 1774 akiwa na mashine yake ya mvuke ambayo ilikuwa bado haijampatia riziki. Mwaka uliofuata wawili hao wakafanya ushirika, na Bunge likarefusha hataza ya Watt hadi mwaka 1800. Mwezi wa Machi 1776 moja ya mashine zao za kwanza iliwashwa katika machimbo ya makaa ya Bloomfield, Tipton, maili chache kutoka hapa, na mwaka 1796 wakafungua kiwanda cha kusubu vyuma huko Smethwick, ambako vyombo hivyo vilitengenezwa na kupelekwa kila upande wa dunia. Mashine waliyoijenga mwaka 1779 kwa ajili ya kupandisha maji katika mfereji wa Smethwick imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini kwetu, nayo inahesabiwa kuwa ndiyo mashine ya mvuke kongwe kuliko zote duniani ambayo ingali yaweza kufanya kazi. Uingereza, kwa nguvu ya mashine za namna hiyo, ilitangulia mataifa yote kwa wingi wa hewa ukaa hadi miaka ya 1880, ilipopitwa na Marekani.

Lakini katika tarehe ya ushirika wa Boulton na Watt limo jambo ambalo watu wa mji huu hulisahau, nami naliona kuwa ni hoja nzito katika mjadala wa leo. Mabwana hao hawakuwa wakiuza mashine kama auzavyo mtu jembe, bali walimwachia mwenye machimbo ajenge mashine kwa gharama yake, kisha wakadai kwake malipo ya kila mwaka yaliyo sawa na thuluthi ya thamani ya makaa aliyoyaokoa, kwa kulinganisha na yale ambayo mashine ya zamani ya mvuke, ile ya Newcomen, ingeyateketeza kwa kazi ile ile. Ili hesabu isiwe ya kukisia, Watt alibuni kihesabio kilichofungwa juu ya boriti ya mashine, ndani ya sanduku la kufuli, kikiweka kumbukumbu ya kila mpigo wa pampu. Wenye machimbo ya Cornwall, ambako makaa yalikuwa ghali kwa kuwa sharti yaletwe kwa jahazi kutoka ng'ambo, walizikimbilia mashine hizo kwa pupa. Kisha, walipokwisha kuzizoea faida, wengi wao wakaanza kuyachukia malipo, wakafanya hila za kuyakwepa, na mashauri yakaunguruma mahakamani hata mwaka 1799 yalipokatwa kwa upande wa Boulton na Watt.

Anayetadaburi kisa hicho atapata mafunzo matatu. Kwanza, kilichoteketezwa katika tanuri chaweza kupimwa kwa uaminifu na kutozwa kwa kipimo, hata katika karne ambayo haikuwa na mitambo ya umeme. Basi yule anayetuambia leo kwamba hewa ukaa ya kiwanda haihesabiki anatutaka tuamini kuwa tumerudi nyuma kuliko babu zake. Pili, pale makaa yalipokuwa ghali ndipo akili ya kuyaokoa ilipopata soko, na pale yalipokuwa rahisi, kama yalivyokuwa kando ya machimbo yenyewe, watu waliendelea na mashine za kale miaka mingi bila ya kujali. Tatu, mwenye mali hataacha kushindana na malipo yoyote anayoweza kuyakwepa, na kwa hiyo sheria isiyo na kipimo kilichofungwa kwa kufuli na mahakama isiyoogopa si sheria. Hata hivyo thuluthi ile ilikuwa malipo ya makaa, si ya moshi. Moshi wenyewe ulipaa bure, na kwa miaka 200 na zaidi uliendelea kupaa bure.

Ni kweli kwamba kuna wakati nchi hii iliusimamia moshi unaoonekana. Baada ya ukungu wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu mjini London kwa siku chache, Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, na mbingu za miji ya viwanda, Birmingham ikiwa mojawapo, zikaanza kutakata. Mwaka ule ule wa 1956 mji wetu ulisimamisha sanamu iliyopakwa dhahabu ya Boulton, Watt na mwenzao Murdoch, ili kuwaadhimisha. Sipingi heshima hiyo, maana vipaji vyao vilikuwa vikubwa. Lakini sheria ile ilikamata masizi tu, kwa kuwa masizi hukaa juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya mapafu ya mpiga kura. Hewa ukaa, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo madhara yake huchelewa kisha hutua mahali pengine, ilipita mlangoni bila ya kuulizwa jina.

Mtaalamu wa uchumi wa Cambridge, Arthur Cecil Pigou, katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1920, alikwisha kuieleza dosari hii kwa mfano wa moshi wa bomba la kiwanda: kwamba zipo gharama ambazo mwenye shughuli haziandiki katika daftari lake kwa sababu huzibeba mtu mwingine, na kwamba dola ina njia ya kuzirudisha katika daftari lile kwa kumtoza kodi iliyo sawa na dhara analolisababisha. Wasomi wa Ulaya hulihesabu wazo hilo kuwa ni lao, na Pigou alilipanga vizuri kweli. Lakini mafakihi wetu walikuwa nalo zamani katika kanuni isemayo kwamba hasara huandamana na faida, na katika ile nyingine isemayo kwamba dhara sharti liondolewe, na wahenga wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki walikuwa nalo waliposema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Si mila moja tu, basi, inayotuambia kuwa anayekula sharti alipe; ni jambo ambalo insafu ya wanadamu imelikubali kila ilipopewa nafasi ya kusema.

Na waliokwisha kuliwa mbuzi wao ni akina nani? Sihitaji kwenda mbali na jamaa zangu. Kule Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na kikawapa wanawake wa mwambao fedha zao wenyewe, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini kadiri bahari inavyozidi joto ndivyo aina ile ya mwani yenye bei nzuri inavyooza na kufa katika maji ya kina kifupi, hata wengine wamelazimika kuufuata kwenye kina kirefu, ilhali hawajui kuogelea. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, ambako watu hawakuzoea kuhesabu vimbunga katika misimu yao. Kabla ya hapo ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliwamaliza mifugo wa Wasomali na Waborana kutoka Ethiopia hadi kaskazini ya Kenya, na wanasayansi walioupima walisema kuwa ongezeko la joto la dunia liliuongezea uwezekano kwa mara 100 au zaidi. Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotoka duniani kila mwaka. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili mchumaji amekula chumo na wa kwake, na janga akawaachia wa mbali.

Baada ya kusema kwa nini ilipwe, yanibidi niseme iwapo kulipa kunafaa kitu, kwa kuwa wako wasemao kwamba kodi hizi ni njia ya serikali kujaza hazina tu. Uingereza imekwisha kuzijaribu, na ushahidi wake uko wazi. Tarehe 1 Aprili 2001 ulianza ushuru wa mabadiliko ya tabianchi, unaotozwa juu ya umeme, gesi na makaa yanayotumiwa na biashara, huku nyumba za watu zikisamehewa. Na serikali, ili isionekane kuwa imewakamua waajiri kwa mikono miwili, ilipunguza kidogo michango wanayotoa kwa ajili ya bima ya taifa ya wafanyakazi wao. Mwaka 2005 nchi iliingia katika soko la vibali vya kutoa hewa ukaa la Umoja wa Ulaya, na tangu tarehe 1 Januari 2021 ina soko lake yenyewe. Juu ya hayo, tarehe 1 Aprili 2013 iliwekwa nyongeza maalumu kwa mitambo ya umeme, ili bei ya hewa ukaa isiporomoke kila soko linapolegea, na nyongeza hiyo ikafikishwa pauni 18 kwa tani mwaka 2016.

Matokeo yake yaliwashangaza hata walioitunga. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yakitoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi hii. Baada ya miaka michache tu tangu nyongeza ile kuanza, wenye mitambo walipiga hesabu wakaona kuwa makaa hayawalipi tena, wakaizima mmoja baada ya mwingine, hata tarehe 30 Septemba 2024 ukazimwa mtambo wa mwisho, ule wa Ratcliffe-on-Soar huko Nottinghamshire, ambao minara yake huonekana na wasafiri wa reli wapitao karibu. Nchi iliyoufungulia ulimwengu umeme wa makaa mwaka 1882 pale Holborn, London, iliufunga mlango huo kwa mkono wake yenyewe. Sisemi kwamba kodi ilifanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa kulikuwa na sheria nyingine juu ya uchafu wa mitambo, kulikuwa na ruzuku za upepo wa baharini, na gesi ilikuwa karibu. Lakini yeyote atazamaye miaka ambayo makaa yalianguka ataona kuwa bei ndiyo iliyoyasukuma ukingoni. Na wala hakuna waziri aliyelazimika kwenda mlango kwa mlango kuamuru mtambo gani uzimwe. Kila mwenye mali aliambiwa deni lake, na hesabu ikamwongoza.

Ama kasoro, nazo zipo, na anayeipenda kodi hii yampasa aziseme kwanza kuliko adui yake. Katika soko la vibali, viwanda vikubwa vimekuwa vikipewa sehemu kubwa ya vibali vyao bure, kwa hofu ya kwamba vikitozwa vitahama, na tangu mwaka 2014 shughuli nyingi za kuyeyusha madini na kusindika mawe na udongo zimesamehewa ushuru ule wa 2001. Kibali cha bure ni kama kumwambia mdaiwa kuwa deni lake umeliandika vizuri sana na hutamdai kamwe. Kwa upande mwingine, bei wanayotozwa wenye mitambo hupenya katika hati ya umeme ya kila nyumba, na katika hati ile mjane wa Sparkbrook na mwenye jumba la Edgbaston hukutana katika bei moja, wakati pato lao haliko sawa hata kidogo. Kwa hiyo sheria iliyoanza kwa kuisamehe nyumba imeishia kuifikia nyumba kwa mlango wa nyuma.

Mji wetu wenyewe umetoa mfano wa jambo hili kwa njia nyingine. Tangu tarehe 1 Juni 2021 sehemu ya kati ya Birmingham, ndani ya barabara ya mzunguko ya Middleway, imekuwa eneo la hewa safi, ambamo gari dogo au teksi isiyotimiza kipimo hutozwa pauni 8 kwa siku, na lori au basi pauni 50. Kusudi lake ni hewa ya naitrojeni dioksidi iletayo pumu na maradhi ya moyo, si hewa ukaa, na kusudi hilo nalikubali kwa moyo wote, kwa kuwa watoto wa mitaa iliyosongamana ndio waliokuwa wakiivuta. Lakini inanifikirisha kwamba katika mji uliozaliwa na moshi wa viwanda, deni ambalo watu walilisikia kwanza kwa masikio yao lilikuwa deni la dereva wa teksi wa Small Heath, ambaye pengine alitoka Mogadishu au Mirpur akiwa na mkopo wa gari shingoni. Sheria ikiwafikia wadogo kabla ya wakubwa, hata ikiwa njema, huwafanya watu waichukie haki yenyewe.

Ndiyo maana nimeshikilia kuwa kodi ianze na kampuni, na ianzie pale hewa inapotokea. Ushahidi wa nchi nyingine unaniunga mkono. Ufaransa ilipozidisha ushuru wa mafuta ya magari mwaka 2018 barabara zilijaa watu wenye vizibao vya manjano na serikali ikarudi nyuma. Australia iliweka bei ya hewa ukaa mwaka 2012 na ikaifuta mwaka 2014. Kanada iliyafuta malipo yaliyokuwa juu ya mafuta ya mtu wa kawaida tarehe 1 Aprili 2025, ingawa sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa ikirudishwa kwa aila zenyewe. Walakini malipo ya viwanda vikubwa hayakufutwa. Na Uswidi, iliyoanza mwaka 1991, ikapandisha kiwango kidogo kidogo hata kikapita euro 100 kwa tani, imeendelea kutajirika huku hewa ukaa yake ikipungua. Kinachodumu ni kile kilichopandishwa kwa utaratibu, kikajulikana mapema, na kikaonekana kuwa kinawadai wenye uwezo wa kulipa.

Wapinzani wana hoja nyingine, na ya kwanza ni hofu ya kazi. Katika mji huu hofu hiyo si maneno matupu. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa mwezi wa Aprili 2005, watu takriban 6,000 walipoteza ajira kwa mpigo mmoja, na mitaa ya kusini ya mji ilikaa miaka mingi ikiuguza jeraha lile. Nawaheshimu wale waliopatwa na msiba huo, nami nasema kwa sababu hiyo hiyo: Longbridge haikuuawa na kodi ya hewa ukaa, bali na miongo ya uendeshaji mbovu na mitaji iliyokosekana, na kiwanda kinachoachwa kikae na mitambo ya kizamani kwa kuwa moshi wake haulipiwi ndicho kiwanda kitakachofungwa kesho. Mfanyakazi halindwi kwa kumsamehe bwana wake deni. Hulindwa kwa sehemu ya fedha za kodi kutengwa kwa ajili ya kumfundisha kazi mpya na kukinunulia kiwanda chake tanuri jipya.

Hoja ya pili ni kwamba kampuni zitahamia nchi zisizotoza. Jibu lake limekwisha kuanza kutungwa, nalo ni ushuru wa mpakani, ambao Umoja wa Ulaya umeuanza kikamilifu tarehe 1 Januari 2026 na ambao Uingereza imepanga kuuanza tarehe 1 Januari 2027, juu ya alumini, saruji, mbolea, haidrojeni, chuma na chuma cha pua. Bidhaa iliyotengenezwa kwa moshi usiolipiwa italipiwa bandarini, na hivyo anayehama hatapata alichokikimbilia. Hapa, lakini, mimi mtu wa pwani ya Afrika Mashariki sina budi kusimama na kusema neno. Msumbiji, ambayo imeyeyusha alumini karibu na Maputo na kuiuza kwa wingi Ulaya, imehesabiwa miongoni mwa nchi zitakazoguswa sana na ushuru wa namna hii, nayo ndiyo nchi ambayo kimbunga Idai kiliubomoa mji wake wa Beira mwaka 2019. Kuichukua fedha ya bidhaa ya Msumbiji na kuiingiza katika hazina ya London, kisha kuiita hiyo haki ya hali ya hewa, ni kumdai aliyedhurika. Ushuru wa mpakani uwepo, lakini kila pauni inayotoka katika bidhaa ya nchi fukara irudi katika nchi ile, ikajenge umeme safi na kuta za kuzuia bahari.

Hoja ya tatu, nayo ndiyo nisikiayo zaidi katika mabasi na misikiti ya mji huu, ni kwamba fedha zitaliwa. Baraza la mji lilitangaza tarehe 5 Septemba 2023 kwamba haliwezi tena kulinganisha mapato na matumizi yake, na tangu hapo wananchi wameona maktaba na huduma za vijana zikipunguzwa huku kodi ya nyumba ikipanda. Basi nani atawalaumu wakitilia shaka kodi nyingine? Jibu langu ni kwamba fedha hizi zisiingizwe katika mfuko wa jumla ambamo hakuna ajuaye kilichotoka wapi. Mji huu ulikwisha kuonyesha namna ya kufanya. Joseph Chamberlain alipokuwa meya, kati ya mwaka 1873 na 1876, mji ulizinunua kampuni mbili za gesi, gesi ambayo siku zile ilitengenezwa kwa makaa ya mawe, na faida ikaanza kurudi kwa watu. Jumba la makumbusho na sanaa lililofunguliwa mwaka 1885 lilijengwa juu ya ofisi za gesi kwa fedha za gesi, na katika jiwe pale mlangoni ikaandikwa kwamba kwa chumo la viwanda sanaa hukuzwa, ili kila apitaye asome. Fedha ya kodi ya hewa ukaa nayo iandikwe hivyo: sehemu moja irudi kwa kila aila kwa fungu lililo sawa, ambalo kwa fukara litazidi nyongeza ya hati yake ya umeme na kwa tajiri halitafika, sehemu ya pili izibe nyufa na kubadilisha madirisha ya nyumba kongwe za Aston na Lozells, ambazo hupoteza joto usiku kucha, na sehemu ya tatu ivuke bahari.

Juu ya sehemu hiyo ya tatu Afrika imekwisha kusema. Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wake walikutana Nairobi, na katika azimio lao wakaitaka dunia iweke kodi ya hewa ukaa inayozihusu biashara ya mafuta, meli na ndege, ili mzigo wa kujikinga usiwaangukie wale wasioleta balaa. Shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia safari za baharini lilikaribia kuitikia kwa upande wa meli, likakubaliana juu ya mpango mwezi wa Aprili 2025, lakini mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, chini ya mashinikizo ya Marekani na wauzaji mafuta, uamuzi uliahirishwa kwa mwaka mmoja. Nasi tusijifanye malaika: bomba la mafuta linalojengwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, litakapopeleka mafuta sokoni, hewa yake nayo itakuwa na wenyewe, na kampuni zitakazochuma humo zapasa zilipe kwa kanuni ile ile tunayoidai hapa. Haki isiyomgusa jirani yetu wala sisi wenyewe si haki, ni upendeleo.

Wako mwisho wale wasemao kuwa Uingereza leo hutoa takriban asilimia 1 tu ya hewa ukaa ya dunia, kwa hiyo juhudi yake ni bure. Nao nawaambia kwamba hewa ukaa haifi mwaka unapokwisha. Sehemu ya ile iliyopaa juu ya Smethwick katika siku za Watt na wajukuu wake ingali ikitufunika, na deni halipungui kwa sababu mdaiwa amepunguza matumizi. Aidha, nchi iliyofundisha dunia kuchoma makaa inayo sauti inayosikilizwa inapofundisha kuyaacha, na mataifa hutazama kama mwalimu analipa kabla ya kuwadai wanafunzi.

Basi, ewe msomaji, uwapo Birmingham, au Mombasa, au Tanga, usiridhike na kiongozi anayekuambia kwa jumla kwamba anajali mazingira. Muulize kampuni zitatozwa kiasi gani kwa tani na kitapanda lini. Muulize ni vibali vingapi vitatolewa bure na vitakoma mwaka gani. Muulize fedha zitarudi kwa nani, na daftari litafunguliwa wapi ili kila mtu alisome. Tanuri la kuchoma taka pale Tyseley, mitambo ya gesi na viwanda vya saruji vyote vina wenyewe, wana majina, wana hesabu za faida zinazochapishwa kila mwaka. Hakuna kinachozuia deni lao lisichapishwe kando yake. Waliochuma kwa moshi na walipe kwa moshi, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halitapata dawa nyingine.